Rangi ya Loveness

Filomena hakutaka mtu mwingine achape picha ya mwanawe. Mjini Korogwe stesheneri zipo tele, na ndugu walishaongea na kijana mmoja wa pale stendi, lakini yeye alikataa katakata. Marehemu wote wa mtaa ule, kuanzia Mzee Semboja hadi kichanga cha jirani, walipita kwenye printa yake kabla ya kwenda kaburini. Leo msiba ulikuwa umefika kwake mwenyewe. Angewezaje kuiacha kazi hiyo mikononi mwa watu?

Kompyuta ilikaa kwenye kona ya sebule, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio za zamani. Aliipata wakati ofisi ya shamba la mkonge, alikokuwa mpiga chapa, ilipofungwa. Wenzake waligombania viti na makabati, yeye akabeba mashine, watu wakamcheka. Mashine ikamsomeshea mtoto. Alichapa mitihani ya shule, kadi za harusi, ratiba za kwaya, na zaidi ya yote picha za marehemu, zile kubwa zinazotiwa kwenye fremu na kubebwa mbele ya jeneza.

Tatizo lilianza mwaka jana. Richard, mtoto wa kaka yake, fundi simu na kompyuta kule Handeni, alikuja akaiwekea kompyuta Windows mpya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inagandaganda. Kompyuta ikachangamka. Lakini printa, ambayo ilikuwa kuukuu kuliko hata hiyo Windows iliyoondolewa, ilibaki bila draiva yake, yaani ile programu inayoifundisha kompyuta namna ya kuelewana na printa. Kompyuta ikajitafutia draiva ya kubahatisha tu, ya printa yoyote ile. Tangu hapo nyuso zikawa zinatoka zimepauka, na mistari myeupe imezikata kutoka sikio hadi sikio.

Cha ajabu, watu walipenda. "Mama Loveness anawang'arisha marehemu," walisema, na wapo waliotania kwamba wakifa wapelekwe kwake wakapendeze. Filomena alicheka nao, kazi ikaendelea. Uso wa mtoto wa mwenzio ukitoka vibaya, unasema si neno, inafanana fanana. Tuseme ukweli, wengi wetu tuko hivyo.

Sasa zamu ilikuwa ya uso wa mwanawe.

Loveness alifia Handeni, kwa homa iliyomlaza Jumapili na kummaliza kabla wiki haijaisha. Alikuwa akifanya kazi saluni huko, na ameacha mtoto mmoja wa kike wa miaka minne, Shukuru, ambaye alitangulizwa kwa bibi yake siku ile ile. Mwili ungeletwa kesho asubuhi, ibada ifanyike nyumbani, halafu wapande naye Kwashemshi kwenye makaburi ya ukoo wa marehemu baba yake. Hayo yalikubaliwa bila shida. Shida ilikuja kwenye jeneza.

"Lisifunguliwe," Filomena alisema.

Dada yake, Getruda, alimtazama. "Watu watamuaga vipi sasa?"

"Watamuaga kwenye picha."

"Filomena, mtu haagwi kwenye karatasi."

"Huyu wangu ataagwa kwenye karatasi."

Getruda alijua sababu. Mtaa mzima ulijua. Loveness alizaliwa mweusi tii, kama bibi yake mzaa baba, na mama yake aliuringia weusi ule. Alikuwa akimpaka mafuta ya nazi asubuhi na kumsimamisha mlangoni ili wapita njia wamwone. Kisha msichana akakua, akasikia maneno ya wavulana na ya wasichana wenzake, akaanza mkorogo, zile krimu za kuchubua ngozi. Filomena alizitupa chooni, zikanunuliwa nyingine. Alisema kwa upole, akasema kwa ukali, akamwita hadi mchungaji. Mwisho, siku Loveness alipokuja kusalimia kutoka Handeni kwa mara ya kwanza, uso mweupe na vifundo vya vidole vyeusi, mama yake alisimama mlangoni akamzuia.

"Kwa uso huo huingii ndani kwangu," alimwambia. "Siku ukija na uso niliokuzaa nao, mlango uko wazi."

Loveness hakuuleta ule uso, wala hakuacha kuja. Kila Krismasi na kila Pasaka alifika na mchele na vitenge, akasema shikamoo mama, akakaa barazani, akala barazani, akamwacha mtoto aingie ndani kucheza. Jioni aliondoka. Mama na binti walikuwa na shingo ngumu sawasawa, na kila mmoja aliamini iko siku mwenzake atachoka.

Ndiyo maana picha ilikuwa moja tu. Ilikuwemo kwenye kompyuta tangu siku ya kipaimara: Loveness ana miaka kumi na saba, gauni jeupe, meno yote nje, uso mweusi unang'aa kwa mafuta. Kwenye kioo cha kompyuta alikuwa yeye kabisa. Mchana ule, wanaume wakiwa nje wanafunga turubai, Filomena aliweka karatasi ya picha, akabonyeza. Printa ikakoroma, ikamtoa mwanawe amepauka, mistari myeupe imempita machoni na mdomoni.

Filomena aliishika karatasi ile, akaisogeza machoni. Ulikuwa uso ule ule aliouzuia mlangoni.

"Hapana," alisema, akaikunjakunja na kuitupa chini. "Richard! Richard, hebu njoo hapa!"

Richard aliingia akijifuta vumbi. Alitazama karatasi nyingine ikitoka, ikiwa vile vile, akatikisa kichwa. "Shangazi, hii draiva ndiyo inazingua. Ya kwake ninayo kwenye flashi. Niliipata mtandaoni tangu mwaka jana, nikasahau kuileta. Nisamehe."

"Iweke."

Haikukubali. Kompyuta ilisema draiva ile ni ya zamani mno. Richard akabonyeza huku na huku. "Tunaidanganya kidogo," alieleza. "Tunaiambia programu kwamba humu bado mna Windows ile ya kwanza. Ikiamini, inaingia."

"Idanganye tu, baba."

Ikaamini, ikaingia. Richard akafungua ukurasa wa mipangilio, ambao Filomena hakuwa ameuona tangu mwaka jana, akaitaja aina ya karatasi, akapandisha ubora hadi mwisho, kisha akaiamuru printa isafishe vitundu vyake vya wino. Printa ilijikamua na kujikohoza. Chini ya meza, Shukuru alikuwa amekaa kimya, akiinyoosha kwenye paja lake ile karatasi iliyokunjwa. Hakuna aliyemjali, maana msibani mtoto asiyelia anahesabiwa ametulia.

Picha iliyofuata ilitoka bila mstari hata mmoja. Kola ya gauni ilionekana uzi kwa uzi. Lakini uso ulikuwa bado mweupe mweupe.

"Hii sasa imetoka safi," Richard alisema.

"Safi nini? Huyu ni nani?"

Richard aliinama. Alikuwa akimheshimu shangazi yake, na neno lililomjia lilikuwa zito. Akalisema hivyo hivyo. "Shangazi, mimi dada Love nilikuwa namwona kila siku pale Handeni. Kwa kweli alikuwa hivi."

"Nimekuuliza habari za printa, Richard."

Kijana akarudi kwenye mipangilio. Alishuka taratibu, akasoma, akasimama kwenye kijisanduku chenye alama ya vema. "Ahaa. Ni hapa. Draiva inarekebisha picha yenyewe. Ikikuta sura ina giza, inadhani mpiga picha alikosea, inaongeza mwanga."

"Nani aliiambia mwanangu amekosewa?"

"Ndivyo ilivyotengenezwa, shangazi."

"Itoe hiyo alama."

Richard akaitoa. Printa ikafanya kazi polepole kuliko kawaida, mstari baada ya mstari, nywele, paji, nyusi. Yalipofika macho, Filomena aliketi chini sakafuni na kanga yake, akalia kwa mara ya kwanza tangu simu ya Handeni ilipoingia. Aliyekuwa akitoka pale ni Loveness wake, mweusi tii, na nuru ya mafuta kwenye mashavu. Alilia kwa uchungu na kwa furaha, na furaha ile ilimtia aibu, lakini ilikuwepo.

Asubuhi pikapu ikafika kutoka Handeni. Filomena aliagiza jeneza liwekwe nje, chini ya turubai, na fremu isimamishwe juu yake. Kwaya ya Makuyuni ilikuwa imeshaanza kuimba. Watu waliposogea wakaiona picha, kilio kikapasuka. Walimu wake wa zamani, wanawake waliombeba mgongoni, wote walisema lile lile: ndiye, ndiye mwenyewe, Loveness wetu. Walionung'unika kwamba jeneza halifunguliwi walinyamaza. Filomena alisimama pembeni ameshika kiuno, akihisi kwamba hatimaye mwanawe amerudi alivyotakiwa kurudi.

Ikafika saa ya kutoka. Kwa desturi yao, mtoto wa marehemu hutangulia na picha, wengine wakafuata na msalaba na jeneza. Getruda alimleta Shukuru, kagauni keusi kamemzidi, akamkabidhi fremu. Mtoto akaipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Akaitazama sana.

"Bibi," aliuliza, "huyu ni nani?"

Kwaya ilikuwa imepumzika kati ya wimbo na wimbo, kwa hiyo walio karibu wote walisikia.

"Ni mama yako, Shukuru," Filomena alisema.

Mtoto akatikisa kichwa. Hakuwa akibisha, alikuwa akimsaidia bibi yake aliyekosea. Akaiweka fremu chini taratibu, akaingiza mkono ndani ya shingo ya gauni, akachomoa karatasi iliyochakaa kwa jasho na kulaliwa. Akaikunjua. Ilikuwa ile ya kwanza, iliyopauka, yenye mistari.

"Mama ni huyu," alisema.

Getruda alinyoosha mkono aichukue, watu wasione. Mtoto akapiga yowe, akaikumbatia kifuani, na ndipo akaanza kulia, kilio alichokuwa amekiweka tangu Handeni. "Namtaka mama! Mama yuko wapi?"

Filomena alijikuta amepiga magoti kwenye vumbi. Alimtazama mjukuu wake aliyelala usiku uliopita na uso ambao bibi yake aliutupa sakafuni, na akaelewa, kwa maumivu ambayo hakuwa ameyaonja hata simu ilipoingia, jambo alilolifanya. Alikuwa amemwandalia mazishi msichana wa miaka kumi na saba. Msichana yule hakuwahi kumzaa Shukuru, hakumnyonyesha, hakumwogesha, hakumsuka nywele pale saluni. Aliyefanya hayo yote alikuwa yule wa barazani, aliyesema shikamoo mama kila Krismasi na kila Pasaka na kula chakula chake mlangoni. Huyo ndiye aliyekufa, na huyo hajaliliwa na mama yake hata kidogo.

"Niazime, mama yangu," alimwambia mtoto. "Nitakurudishia. Naapa."

Shukuru alisita, akampa. Filomena akaigeuza fremu, akafungua vibanio vya nyuma, akaitoa picha nzuri, ile ambayo Richard aliisumbukia mchana kutwa. Mahali pake akaweka ile karatasi iliyokunjamana, akainyoosha kwa kiganja, akafunga. Akamrudishia mtoto. Shukuru akafuta kioo kwa mkono wa gauni na kukibusu.

Kisha Filomena akainuka, akawageukia wanaume waliokuwa wameshajipanga kubeba.

"Mwingizeni ndani."

"Ndani wapi, mama?" aliuliza Mzee Laurenti wa kanisani. "Saa imefika, Kwashemshi wanatungoja."

"Watangoja. Mwingizeni ndani kwangu, sebuleni. Halafu mfungue, mtoto amwone mama yake. Na mimi nimwone."

Hakuna aliyebisha. Walilinyanyua jeneza wakapanda nalo ngazi mbili za baraza, wakapita pale penye kiti cha plastiki ambacho Loveness alizoea kukalia. Mlango ulikuwa mwembamba, ikabidi wasimame walielekeze vizuri. Filomena alikuwa ametangulia, amesimama kizingitini pale pale aliposimama zamani, ile picha ya uso mweusi ameikunja chini ya kwapa. Akasogea, akaubana mgongo wake kwenye ukuta kuwapisha.

"Pita ndani, mwanangu," alisema, kwa sauti ambayo Loveness aliingoja barazani miaka yote ile.