Njia ya Muong Lo

"Sikujua, hebu njoo. Kuna mzee mlangoni ananiita mwongo, na wala simjui."

Domina alimwita Sikujua, aliyeishi naye, huku ameushika mlango nusu wazi. Nje, kwenye ukumbi wa jengo lao pale Lanham, ughaibuni, alisimama mzee wa Kiasia, mwembamba, kofia mkononi. Sikujua alipomsalimu kwa Kifaransa, uso ule ulifunguka, akamweleza alichokuwa akisema. Mzee alikuwa amemsikia Sikujua akiongea lugha hiyo kwenye chumba cha kufulia.

"Haiko matusi, dada," Sikujua alimwambia mwenzake akicheka. "Muong njo inchi yao."

Mzee Baccam alikaa, akaeleza kwa kunong'ona, maana koo lake lilikuwa limepasuliwa. Mkewe alikuwa kufani. Kwao, katika milima ya Watai Weusi, roho ya marehemu hurudi kwanza Muong Lo, walikotoka wahenga, ndipo ipande mbinguni. Lakini lazima mtu mwenye sauti aitajie njia, mji kwa mji. Majina aliyaandika kwa herufi za shule ya Wafaransa. Wanawe walipoyasoma Kiingereza-Kiingereza, yaliharibika.

"Nitayasoma mimi, baba," Sikujua alisema, kabla hajafikiri.

Kila jioni wakafanya mazoezi. Katikati ya majina mzee aliteleza kwenye hadithi. Muong zilikuwa kumi na mbili, kila moja na mtawala wake. Wafaransa wakaja, wakatoza kodi, wakawatoa watu mashambani kuchonga barabara. Baada ya vita vikuu vya pili vya dunia wakaziunganisha, wakaziita shirikisho.

"Wakatupatia bendera," alinong'ona, "miaka sita baadaye wakashindwa vita, wakaondoka."

"Sisi Kongo Wabelgiji walitupatia bendera," Sikujua alisema, "wakakataa kuondoka."

Mzee alicheka mpaka akashika koo. Bonde lile walikoshindwa Wafaransa, dunia inaliita Dien Bien Phu. Yeye alilitaja Muong Thaeng, taratibu, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Sikujua akakumbuka Bukavu, na mama yake, ambaye simu yake haikuita tena tangu vita vianze kule Agosti.

Bi Baccam alifariki Jumapili. Maziko yalipangwa Alhamisi asubuhi, saa ileile ambayo Sikujua alitakiwa mjini Sterling kwa usaili wa kazi, kazi ya kwanza iliyoitaka shahada yake. Alipiga simu kuomba siku nyingine. Wakamjibu kwa upole kwamba wapo wengine.

"Sikujua, yule si mama yako," Domina alisema. "Mzee ataelewa."

"Najua ataelewa. Njo maana siwezi kumuacha."

Alhamisi alisimama kando ya kaburi na koti la kuazima. Wana wa marehemu walitazama chini. Njia, mzee alikuwa amemfundisha, huanzia pale mwili ulipolala.

"Lanham," alisoma kwa sauti.

Jina kwa jina akavuka bahari. Akapita Laos, walikokimbilia vijana wawili waliooana, mzee na mkewe. Alipofika Muong Thaeng aliona midomo ya mzee ikitembea pamoja na yake, bila sauti. Upepo ulipiga karatasi. Akaikaza kwa mikono miwili, akaendelea, hakuruka mji hata mmoja, mpaka Muong Lo.