Wageni wa Heshima

Mafuriko yalipoisha na Mto Shire kurudi mkondoni mwake, Falesi Mbenje alikuwa amebaki na wajukuu watatu, kitenge alichovaa, na mdomo wake. Mdomo huo ndio uliotufaa sisi sote tuliokuwa tumehifadhiwa shuleni Namiyala.

Jumatatu akina mama wa kanisa walitugawia ndoo. Tukashukuru, tukaimba. Jumanne vijana wa msikiti nao wakatugawia ndoo. Tukaimba, ila si sana. Jumatano wakaja waendesha baiskeli za abiria kutoka mjini, jasho linawatiririka, kila baiskeli imebeba ndoo sita.

"Bibi, shika hii utabasamu, tukupige picha," alisema Wyson, kiongozi wao.

"Nitabasamu kwa meno gani, mwanangu? Tangu juzi hayajaonja hata tonge la nsima."

"Lakini hii ina mfuniko, bibi."

"Basi nile mfuniko?"

Tulicheka mpaka matumbo matupu yakauma. Falesi hakucheka; wajukuu zake walikuwa wamelala mchana kweupe kwa njaa. Siku hiyohiyo akatuma ujumbe kwa vikundi vyote vitatu, kila kimoja kivyake: njooni Jumamosi, tunataka kumkirimu mgeni wetu wa heshima.

Viongozi wakaja, nguo zimenyooka kwa pasi. Walipokutana mlangoni wakatazamana kama wake wenza. Falesi akawaketisha kwenye benchi moja la darasa la kwanza, magoti yakawafika kidevuni, kisha akaweka ndoo tatu mbele yao.

"Karibuni chakula."

Mama Eneless wa kanisa akachungulia. "Mbona hamna kitu?"

"Nawapakulia mlichotuletea, mama."

Mama Eneless akaanza kuchezea kilemba chake. Twaibu, kiongozi wa vijana wa msikiti, ndiye aliyeshindwa kujizuia, akaangua kicheko.

"Sisi tuna magunia ishirini ya unga! Tumeyaweka tu, tukidhani chakula kinaletwa na kanisa."

"Na sisi tulidhani kinaletwa na nyinyi," alisema Mama Eneless. "Masufuria yetu ya harusi yamekaa bure."

"Sisi hatuna kitu," Wyson akasema, "ila miguu tunayo."

"Kalete huo unga, basi, unangoja nini?" Falesi akamwambia. "Na vyoo je? Watu mia nne, choo kimoja!"

Twaibu akakubali vijana wake wachimbe, na kuanzia siku hiyo ikawa hakuna kikundi kinachofunga mzigo kabla ya kuwauliza wenzake.

Jioni moshi ulipanda uwanjani. Twaibu alitaka nsima, ugali wetu, iwe ngumu, Mama Eneless laini. Wakazozana mpaka Falesi akawanyang'anya mwiko. Wajukuu zake walikula wa kwanza. Ndipo alipokaa chini, akajifuta macho, akadai ni moshi.

Mimi nilimaliza sahani yangu, nikajifunga kitambaa usoni, nikarudi kwenye foleni. Mama Eneless akanitambua.

"Wewe si umekula?"

"Yule alikuwa ndugu yangu, mama."

Akanipakulia huku akitikisa kichwa.