Milango Yenye Chaki Nyekundu

Ukiuliza Filister wa saluni hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, utaletwa kwangu hata na mtoto. Kwangu anayekuja kusukwa ni mmoja, wanaokuja kusikia ni sita. Jumamosi hiyo nilikuwa na kichwa cha Ndanu mkononi, nusu kimesukwa, nikaona msichana mwenye sweta ya shule akiandika namba kwa chaki nyekundu kwenye mlango wa Murunga. Akaruka milango minne, akaandika kwa wa tano.

Mimi nilibomolewa nyumba mwaka juzi. Kwanza walipaka rangi nyekundu milangoni, wiki iliyofuata wakaja na tingatinga. Kitanda changu nilikiona kikivunjwa kama njiti.

"Ndanu," nikasema, "wameanza tena. Safari hii wametuma katoto ka shule."

Haki, hivyo tu. Lakini kabla sijafunga msuko mmoja, maneno yalikuwa yamefika kwa kinyozi, yakapita kwa mama mutura, yule mchoma soseji za matumbo, yakanirudia yamenona: eti huyo ni mpwa wa mwenye ploti, tingatinga liko njiani. Na mimi, na huu mdomo, nikaongeza, "Hata ramani nimemwona nayo."

Murunga ni fundi wa mjengo, haongei sana. Alitoka na mpini wa sururu.

"Wee! Nani amekutuma?"

"Ni kazi ya shule," msichana akasema. "Ni insha ya diploma, maneno elfu nne. Nauliza tu mnavyochota maji."

"Diploma na bado uko sekondari? Unatuona wajinga?"

Watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichommaliza. Sasa alikuwa mwongo mbele ya umati.

Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Akapiga magoti. Mama mutura akamburuta kwa nywele, mtu akampiga teke la mbavu, kisha la mdomo. Alijikunja juu ya daftari lake. Murunga akainua mpini, msichana akainua mkono, na mfupa nikausikia ukivunjika kutoka mlangoni kwangu.

"Leta tairi!"

Sauti moja, halafu nyingi. Tairi likaja likiviringishwa, na nyuma yake mtu wa boda na chupa ya petroli.

Daftari lilikuwa limeteleza hadi miguuni pangu. Nikaliokota nitafute ile ramani. Mlango wa tano: mitungi minne, dakika ishirini. Mlango wa kumi: mitungi miwili, foleni tangu alfajiri. Kurasa zote ni maji. Ramani haikuwepo. Ramani niliitunga mimi.

Ningewaambia nimekosea, nani angesikia? Petroli ilikuwa ishamwagika kwenye sweta. Nikapiga nduru kwa sauti yote niliyo nayo: "Makarao! Malori mawili ya polisi! Wanashika kila mtu!"

Kongo ikamwagika vichochoroni. Murunga aliruka ua, mpini wake ukabaki chini na damu.

Mimi na Ndanu, kichwa bado nusu, tukambeba msichana hadi zahanati. Anaitwa Audrey Akoth, wa Soweto West, Kibera. Amefadhiliwa kwa shule moja ya wenye nazo, miaka miwili ya masomo makali, na diploma yenyewe unaipata kabla hujaingia chuo kikuu. Insha ilitakiwa Jumatatu saa sita. Isipofika, hata ukipita mengine yote, diploma hakuna.

Meno mawili yalikuwa yametoka, jicho moja limefunga, mkono wa kuandikia uko kwa plasta.

"Aunty, daftari?"

"Niko nalo."

"Utaniandikia?"

Jumapili nilikuwa kwao Soweto West tangu asubuhi. Yeye akitamka polepole, midomo imevimba, mimi naandika. Jioni akasema, "Imebaki sehemu moja. Lazima nieleze makosa ya utafiti wangu, na hapo hawataki uongo. Chaki ni kosa langu, ningebandika karatasi. Lakini uvumi ulianzia wapi? Aunty, wewe unajua watu wote wa huko. Nani alisema kwanza?"

Ningemtaja mama mutura. Hangejua maisha yake yote. Jina lake lilikuwa lishafika kwenye ncha ya kalamu.

"Andika, aunty. Saa zinaenda."

Nikaandika kwa herufi kubwa, za kusomwa kwa jicho moja: FILISTER, MWENYE SALUNI. Nikamshikia daftari mbele ya uso, nikangoja.