Ndevu za Melkizedek na Kinu cha Masanze

Melkizedek hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kilichokatwa na feni ya lori mwaka 1958. Hakuwa na spana namba kumi na nne, wala kipimo cha moshi, wala kitabu cha injini kwa lugha aliyoielewa vizuri. Katika daftari la karakana ya barabara pale Mikumi, alikofanya kazi miaka kumi na sita, jina lake lilikaa ukurasa wa vibarua, kati ya mfagiaji na mchota maji. Ombi la kuhamishiwa ukurasa wa mafundi alikwisha kuliandika mara sita, kwa mwandiko aliojifunza darasa la jioni, bila kufuta hata neno moja.

Alichokuwa nacho ni ndevu. Tangu mwaka wa Uhuru zilifuata injini yoyote aliyosimama karibu nayo. Petroli ikizidi, ziligeuka nyeusi kama masizi. Hewa ikizidi, zilikuwa nyeupe kama chokaa. Mchanganyiko ukikaa sawa, zilishika rangi ya chai ya maziwa, kama plagi ya injini yenye afya. Mkewe, Odilia, alikwisha kuzoea. Mume akirudi kazini alimtazama kidevu kwanza, akajua lori la siku hiyo liliumwa nini, kisha ndipo akampa pole.

Mwaka 1974 gari dogo la mgeni liligonga nyati kwenye barabara mpya, ndani ya mbuga ya Mikumi. Nyati aliondoka. Gari lilibaki. Injini yake haikuwa na pistoni za kupanda na kushuka, ila pembetatu ya chuma iliyozunguka ndani ya chumba chenye kiuno kama kibuyu. Kijiji cha ujamaa cha Masanze, alikozaliwa Melkizedek na alikojenga nyumba, kiliiomba injini hiyo iendeshe kinu, maana wanawake walitembea hadi Kilosa mjini na mahindi kichwani. Melkizedek akaifunga. Akaongeza na turbo aliyoifungua kwenye tingatinga bovu la wakandarasi, feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, ikasukuma hewa ndani kwa nguvu.

"Mkaguzi anakuja Jumamosi," Mathayo, mwenyekiti wa kijiji, alimwambia. "Magunia kumi bila kuzima, mbele ya macho yake. Ripoti itasema fundi ni nani."

"Ataandika jina langu?"

"Ataandika atakachokiona, ndugu yangu."

Kosa lilifanyika Jumamosi asubuhi, kwa ajili ya heshima. Odilia alisema mtu hapokei mgeni wa serikali akiwa na kidevu cha beberu. Akachemsha maji, akafungua wembe mpya, akamnyoa kidevu na kichwa, na nyusi akazipitia. Melkizedek akatoka anang'aa kama yai. Alipobakiza hatua chache kufika kinuni ndipo alipojishika kidevu.

Mkaguzi alikuja na Cleopa, mtaalamu kijana mwenye cheti, afro kubwa na kisanduku cha kipimo cha moshi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hicho kipimo kizima?"

"Kimekufa pale darajani. Tutatumia ndevu zako, mzee. Mikumi nzima inazisifu."

"Zimenyolewa kwa heshima yenu."

Injini ikawashwa. Rangi ilipokosa pa kukaa ilitafuta nywele za jirani, ikazipata za Cleopa. Afro ikawa chai ya maziwa. Mkaguzi aliitazama, akaendelea kumenya karanga.

Gunia la kwanza likamiminwa. Mzigo ukapanda, turbo ikapiga mluzi, ikaingiza hewa kuliko petroli. Nywele za Cleopa zikawa nyeupe pe.

"Zima, mzee."

"Nikizima tumeshindwa. Inama nione vizuri."

Melkizedek alijua kwamba kwenye ncha tatu za pembetatu palikaa vipande vyembamba vya kuziba. Moto wa hewa nyingi ukivipasua, nchi nzima haikuwa na vingine. Akashika skrubu ya kabureta, akaifungua robo mzunguko. Nyeupe. Nusu mzunguko. Nyeusi tititi. Akairudisha kwa upana wa ukucha, akitafuta uzito mmoja wa petroli kwa kumi na mbili wa hewa, hesabu aliyoipiga ubaoni darasa la jioni.

"Zikoje huko juu?" Cleopa aliuliza, macho chini.

"Chai. Usitikisike, utaimwaga."

Magunia kumi yakapita, na mluzi haukubadilika sauti. Vigelegele vikapigwa mpaka ng'ambo ya mashamba. Selestina, aliyekuwa akienda Kilosa na mahindi kwa miaka thelathini, alitia mkono kwenye unga wa moto, akausugua kwa vidole.

"Kumbe hii miguu ndiyo ilikuwa kinu," alisema.

Mkaguzi aliandika ripoti palepale: mashine imerekebishwa na Mtaalamu Cleopa, kama inavyodhihirika kichwani kwake, bisibisi ilishikwa na kibarua.

"Nimeandika nilichokiona," alisema, akafunga kalamu.

Kabla ya kupanda gari, Cleopa alikata kishungi cha nywele zake, akampa Melkizedek kwa mikono miwili.

"Ripoti siwezi kuikataa, mzee. Nasubiri cheo. Lakini hizi ni zako."

Jumatatu ndevu za Melkizedek zilichomoza zikiwa na rangi ya chai tangu shinani, kwa kuwa kinu kilikuwa kinanguruma nyuma ya nyumba. Akaketi barazani, akaandika ombi la saba, bila kufuta hata neno moja. Chini ya sahihi, mahali ambapo mara sita aliandika "kibarua", aliandika FUNDI kwa herufi kubwa. Akakunja kishungi ndani ya karatasi. Odilia akampa uji mzito wa unga wa kinu kile. Akaupaka kwenye mdomo wa bahasha, akaukandamiza kwa vidole vyake tisa mpaka ukashika.

Akaipeleka posta ya Kilosa mwenyewe, kwa miguu. Njia nzima hakukutana na mwanamke hata mmoja mwenye mahindi kichwani. Akaitumbukiza barua.