Pini Mdomoni

Fundi cherehani alikuwa na mtoto wa jicho, na daktari wa macho alishakataa katakata: hapasui mpaka presha ishuke chini ya mia na hamsini. Bila jicho hakuna kazi. Mwaka wa pili huu mkewe ndiye aliyekuwa akimtungia uzi kwenye sindano, kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha.

Nesi akasema vidonge viendelee, ila aongeze na zoezi. Mgongo ukutani, magoti yakunjwe kama mtu aliyekalia kiti, na kiti kisiwepo. Dakika mbili, apumzike mbili, mara nne, siku tatu kwa wiki.

"Na upumue, mzee wangu," alisisitiza.

Wakalivalia njuga. Mke alishika saa, mume alitetemeka mapaja, mwezi mzima. Walipokwenda kupima: mia sitini na mbili. Palepale!

"Labda ukuta ndio umepona," fundi akasema. Mkewe hakucheka.

Kesho yake hakuitazama saa, alimtazama mume. Mishipa ya shingo imetuna, uso umewiva, midomo imebanwa. Na kwenye hiyo midomo, jamani, pini tatu! Miaka thelathini alishona na pini mdomoni, hata wateja wakambatiza jina la Bubu. Alikuwa ametoka kwenye cherehani moja kwa moja mpaka ukutani, na pumzi ameibana kama anapima ukosi.

"Tema! Tema hizo pini, kisha useme."

"Niseme nini?"

"Chochote. Ukisema, najua unapumua."

Siku za kwanza alieleza habari za vifungo na zipu. Wiki ya pili akaishiwa, akahema, akasema, "Lile gauni lako la bluu, kabla hatujaoana. Nililimaliza Jumatatu. Nilikuambia urudi Ijumaa ili nikuone tena."

Saa nusura imdondoke mkewe. "Umekaa na neno hilo miaka ishirini na saba?"

"Hukuniuliza. Halafu nilikuwa na pini."

Basi ikawa hivyo. Dakika mbili za ukutani zilimtoa maneno ambayo ndoa nzima haikuyasikia. Miezi miwili baadaye kipimo kikasoma mia arobaini na nne, na jicho likapasuliwa salama.

Asubuhi moja mke akaja na uzi wake kama kawaida. Akakuta sindano imeshatungwa. Alifurahi, Mungu ni shahidi. Lakini mtu mzima akaionea wivu sindano.

"Basi hunihitaji tena," akasema, akijidai anatania.

Fundi akachomoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kijimto chake cha pini. Akaegemea ukuta, akakunja magoti.

"Leo si siku ya zoezi," mke akamkumbusha.

"Najua. Shika saa, mke wangu. Habari ya ile Ijumaa sijaimaliza."