Hatua ya Kumi na Saba

Mwaka elfu mbili ulipoingia, Dorkasi alikuwa na haja moja tu na kompyuta: aione ikiamka kwa mkono wake. Si kwa mkono wa Shabbar, wala wa Consolata. Wake yeye, aliyesoma mpaka darasa la nne, akawapikia uji watoto wa vibarua wa mkonge miaka ishirini na miwili, na shamba lilipouzwa akapunguzwa kazini, yeye na sufuria zake. Sasa alikaa mjini, mtaa wa Nguvumali, kwa bintiye, na asubuhi akienda Raskazone kupiga deki nyumbani kwa akina Jafferji.

Katika chumba cha chini cha nyumba ile, Shabbar Jafferji, mwalimu wa fizikia, alikutana na wenzake kila Jumamosi. Walikuwa wakiandika kitabu. Kompyuta, hata iwe nzuri vipi, ni sanduku tu mpaka itiwe mfumo wa kuiamsha na kuiongoza. Mifumo mingi ina wenyewe, na wenyewe hawakuonyeshi ndani kuna nini. Huu wa akina Shabbar haukuwa na mwenyewe. Watu wa nchi mbalimbali, wasiojuana hata kwa sura, waliutunga kipande kwa kipande kwa kujitolea, na yeyote aliruhusiwa kuufungua, kuurekebisha na kuugawa. Kilichokosekana ni maelezo ya Kiswahili ya kuujenga tangu mwanzo, ili mwalimu wa kijiji cha mbali kama Mkwaja aliyepewa mashine kuukuu asikae akingoja fundi kutoka mjini.

Dorkasi aliwastaajabia vijana wale. Wiki nzima wako kazini, Jumamosi wanakuja kugombania neno moja mpaka chai inapoa! Consolata, mpiga chapa wa ofisi moja ya serikali, aliwahi kuandika ukurasa mmoja mara tisa, na mara ya tisa akaufuta mwenyewe akicheka.

Tena walikuwa na desturi yao. Sura haikuingia kitabuni mpaka mtu asiyejua lolote aifuate peke yake, akitenda kilichoandikwa na hicho tu. Mwandishi hukaa nyuma yake, kimya. Akitamka neno moja, kazi yote inaanza upya. Ndiyo maana walimtafuta mgeni kabisa wa mambo hayo, na mgeni huyo alikuwa na ufagio mkononi, mlangoni kwao.

Jumamosi ya kwanza iliharibika kwa kosa la Dorkasi mwenyewe. Mashine ilikuwa inasaga, ndivyo walivyoiita kazi ile ya saa nyingi ya kuujenga mfumo, maandishi yakimiminika kiooni kama mahindi kinuni, naye akachoka kungoja. Akasema kwa mazoea, "Kitendawili!"

"Tega!" Shabbar akaitika kwa sauti.

"Umesema!" Consolata akaruka. "Tunaanza upya."

"Lakini ni kitendawili, jamani! Mtu anaachaje kuitika?"

"Utaitikia kwenu, mwalimu. Hapa unafunga mdomo."

Ya pili umeme ulikatika. Ya tatu Shabbar alikuja na leso, akaiuma kwa meno, na Dorkasi akakaa kwenye kiti.

Alifuata hatua moja moja, kidole juu ya karatasi. Maneno ya mashine aliyanakili herufi kwa herufi, kama anayehesabu matundu ya ukili wa mkeka. Mashine ikasaga tangu asubuhi hadi alasiri. Ikafika hatua ya kumi na saba, ya mwisho: *Iwashe upya mashine.* Akaiwasha upya.

Kioo kikawa cheusi, kisha yakaja maswali yaleyale aliyoyajibu asubuhi, tangu la kwanza.

Dorkasi alijua kwa nini. Kila alipofuta meza alimwona Shabbar, katikati ya maongezi, akichomoa kwa kidole ile disketi, kibamba cheusi cha kuanzishia kazi, kabla ya kuiwasha upya. Ikibaki tunduni, mashine huisoma hiyo na kuanza tena. Aichomoe tu. Consolata alikuwa amekwenda kuchemsha chai, na Shabbar hakuona, aliinamisha kichwa akiomba dua, leso mdomoni. Mashine ingeamka, sasa hivi, kwa mkono wake.

Kidole kikafika kwenye kitufe cha kuitolea disketi. Akamfikiria yule mwalimu wa Mkwaja, aliye na kitabu na asiyewahi kumfutia Shabbar meza. Akaurudisha mkono mapajani.

"Kitabu kimenyamaza hapa," alisema.

Shabbar alitema leso. "Wapi?"

Alipoonyeshwa alishika kichwa kwa mikono miwili. "Watu sita tumeisoma hii sura! Sita! Na wote tumeitoa disketi kwa mkono bila kujua kama tumeitoa."

Consolata akaja na birika. Aliposimuliwa, hakucheka. "Bi Dorkasi, anayeona pengo ndiye anayeliziba. Utaandika wewe."

"Nitaandika. Na kiti, nitakikalia tena?"

"Aliyekwisha kujua si mgeni tena, mama," Shabbar alisema taratibu. "Kiti ni cha mwingine."

Dorkasi alikuwa anajua hilo tangu aliporudisha mkono. Hata hivyo lilimwingia kama mwiba. Akavuta karatasi, akaandika: *Toa disketi.*

"Inatolewaje?" Consolata aliuliza.

"Aa, nawe! Kwa mkono."

"Mkono unashika wapi?"

Akafuta, akaandika, akafuta. Chai ikapoa. Mwisho ikawa hivi: *Kabla ya kuiwasha upya, bonyeza kitufe kidogo chini ya tundu. Disketi itajitokeza nusu. Ivute, iweke mezani. Ukiiacha ndani, mashine itakuuliza tena maswali ya mwanzo.*

Shabbar aliisoma mara mbili, hakugusa hata nukta.

Jumamosi iliyofuata kitini alikaa Batulbai, shangazi yake Shabbar, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga chumba kile.

"Mimi hata redio nawashiwa," alilalamika. "Mkiniunguza vidole mtanijua!"

Alisoma na kunung'unika, akanung'unika na kusoma. Alipofika hatua ya kumi na saba, ambayo sasa ilikuwa ile ya disketi, Dorkasi, nyuma yake, alijiziba mdomo kwa kiganja. Batulbai akabonyeza, akavuta, akaweka disketi kando ya miwani yake huku akilalamikia joto, akaenda hatua iliyofuata. Kioo kikawa cheusi, kikatulia, kisha mashine ikaamka na kumuuliza jina lake.

Consolata alipiga kigelegele. Shabbar alimkumbatia shangazi yake mpaka akatukanwa. Makelele yalipopungua Dorkasi alisogea.

"Batulbai, ile hatua ya kumi na saba uliionaje?"

"Kumi na saba?" Batulbai alikunja uso. "Ilikuwa na nini? Mimi nimesoma, nikapita."

Dorkasi akacheka mpaka akakaa sakafuni.