Robo ya Kiazi

Mke wangu Kuruthumu alikuwa akitokwa damu tangu ajifungue, pale zahanati ya kijiji chetu, Kitanga. Nesi Yasmini hakunificha.

"Gari la wagonjwa kupita kwenye tope hili ni nusu kwa nusu, shemeji. Damu ya kundi lake kuwepo hospitali ya Kasulu, nayo nusu kwa nusu."

"Nusu na nusu si nzima? Basi atapona!"

"Hatujumlishi. Lazima vyote viwili vitokee, na gari halijui habari za damu." Akachukua kiazi cha kuchemsha nilichomletea mgonjwa, akakivunja katikati, kisha nusu moja akaivunja tena. Akanipa kipande kimoja. "Una robo tu."

Nilikifinya mpaka kikapondeka. Ndipo gari likanguruma nje.

Yasmini akaniongezea kipande cha pili.

"Sasa una nusu. Mbebe."